Sori ya Serikali

Nchi ninayoisimulia haipo. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana walioichora waliisahau na walioitawala hawakulalamika. Na kama katikati ya kusikiliza utaona jambo linalofanana na la kwenu, hiyo ni bahati mbaya yako, mimi simo. Mimi najua tu habari za Bi. Siwema wa Mtaa wa Subirini, mjane wa Fundi Ngoda seremala, na jamvi lake la msiba lililokataa kukunjwa.

Kwanza mjue habari ya neno lenyewe, la sivyo mtanisumbua kwa maswali.

Watu wa nchi ile walikuwa na maneno mengi kupita kiasi. Mtu akijikwaa, walimwambia "pole." Mtu akimkanyaga mwenzake, alisema "nisamehe." Akitaka kupita mbele za watu, "nipisheni." Asiposikia, "unasemaje?" Na sukari ikiisha dukani, mwenye duka alishika kiuno akasema, "Imekwisha, ndugu yangu, labda kesho." Ulimi ulikuwa ukichoka bure. Hivyo ndivyo alivyoona Mheshimiwa Dakta Mtukuka Pazi, Waziri wa Masikitiko, aliporudi kutoka ng'ambo. Alikwenda kujifunza kilimo cha viazi. Viazi hakuviona, lakini aliwaona Wazungu wakipigana vikumbo kwenye ngazi za stesheni, na kila mmoja akisema neno moja tu, yule aliyepiga na yule aliyepigwa, kisha wote wakaenda zao bila kesi. Mheshimiwa alisimama pale mpaka treni yake ikamwacha.

"Ndugu wananchi," akatangaza redioni aliporejea, "nimewaletea neno! Ni dogo, linaingia mfukoni, na linafanya kazi za watu watano. Umempiga mtu kikumbo? Sori. Kapigwa na mwingine? Sori. Unataka kupita? Sori. Hujasikia? Sori. Huna cha kumpa? Sori! Na uzuri wake mkubwa, ndugu wananchi, ukishalitamka hakuna hakimu duniani atakayejua umetamka lipi katika hayo!"

Sheria ikapita siku hiyo hiyo. Mtumishi yeyote wa serikali akapigwa marufuku kutamka "nisamehe" au "tumekosa," kwa kuwa maneno hayo yana mkia: ukiyasema tu, watu wanataka kujua umekosa nini. Baba Mlezi wa Taifa, ambaye hajawahi kukosa tangu azaliwe, alitia saini bila kusoma ili asiicheleweshe.

Wananchi, kwa kuwa ni watu wa kuzoea, wakazoea. Daktari akitoka wodini na kusema sori, ndugu wa mgonjwa walijua waanze kulia au waanze kuulizia dawa maduka ya nje, kwa kumwangalia nyusi. Askari akikupiga kirungu alisema sori kwa kila kirungu, na wageni waliotutembelea waliisifu sana adabu ya polisi wetu. Waliowatembelea, nilitaka kusema. Polisi wao.

*

Sasa ikaja Sikukuu ya Uhuru. Siku hiyo, kila mwaka, mizinga hupigwa kumsalimu Baba Mlezi. Mzinga wa salamu, kwa asiyejua, hauna madhara: ndani yake mna baruti na kelele tu. Lakini mwaka ule makombora matupu hayakuonekana ghalani. Ofisa mmoja mpenda maendeleo alikuwa ameyauza kama vyuma chakavu, na wakati ule nusu ya mji ilikuwa ikipikia wali ndani yake. Yaliyobaki yalikuwa makombora ya kweli, ya vita. Je, taifa zima lisimamishe salamu kwa jambo dogo kama hilo? Ikatolewa amri walenge juu.

Wakalenga juu. Kombora likaupita uwanja, likawapita mabalozi wakipiga makofi, likalipita soko. Lakini kinachokwenda juu hushuka, hata katika nchi ile, na hilo likashuka Mtaa wa Subirini, uani kwa Fundi Ngoda, aliyekuwa ameinama akikipiga randa kitanda cha harusi ya binti yake Chausiku. Kitanda kilibaki mguu mmoja. Fundi walimzika kwa kukisia.

Bi. Siwema alikuwa jikoni akipepeta mchele. Alisikia kishindo, akasema, "Leo wamekazana kweli," akaendelea kupepeta mpaka alipoona hewa ya uani imejaa pumba za mbao, na hakuna anayekohoa.

Waziri wa Masikitiko alikuja kesho yake kwa ving'ora. Aliingia uani, akapanda juu ya jamvi la msiba na viatu vyake vyenye ncha, katikati ya wanawake waliojifunika khanga, akatoa leso nyeupe, akaikunjua, akaikunja.

"Sori," akasema.

Waandishi wa habari wakapiga picha. Bi. Siwema akainua uso. Macho yalikuwa yamevimba hata hayafunguki vizuri.

"Sori hiyo ni ipi, Mheshimiwa?"

"Ni sori ya serikali, mama."

"Nimesikia ni ya serikali. Nauliza ni ipi. Ni pole, au ni nisamehe?"

Waziri akamtazama katibu wake. Katibu akatazama saa. "Ni sori kamili," Waziri akasema, na hapo akaona ana mkutano. "Sori, sori," akawaambia wanawake, wakaondoa miguu akapita.

*

Hapo sasa niwaeleze kwa nini mama yule alishikilia neno. Watu wa nchi ile wana desturi yao. Mtu akifa kwa maradhi, matanga hukaliwa siku chache, yakaanuliwa, kila mtu akaenda shamba. Lakini aliyeuawa na mkono wa mtu, hata kwa bahati mbaya, matanga yake hayaanuliwi hivi hivi. Aliyekosa lazima aje mchana kweupe, avue viatu nje, akae jamvini na wafiwa, aseme kwa kinywa chake: "Nimekosa, nisamehe." Mwenye msiba akiridhika humpa kata ya maji. Akinywa, jamvi hukunjwa, na mambo yameisha, hakuna polisi wala mahakama. Asipokuja, jamvi hubaki limetandikwa. Na kwenye nyumba yenye jamvi hakupigwi ngoma, hakupakwi hina, haozwi mtu.

Basi eda ikaisha, jamvi likabaki. Mvua zikaja, jamvi likahamishiwa barazani. Wanawake wa mtaa, waliokuja kukaa na mfiwa, wakaanza kuja na ufumaji wao, halafu wakaja kwa zamu, halafu wakawa wanatuma salamu. Kuku wa jirani alitagia pembeni ya jamvi na hakuna aliyemfukuza.

Mzee Kitwana, baba yake Shomari mchumba wa Chausiku, alikuja na kofia mkononi.

"Mkwe," akasema, "binti tunampenda, hilo Mungu anajua. Lakini sisi kwetu hatupigi ngoma juu ya maiti. Tumengoja. Tutangoja mpaka mavuno. Baada ya hapo, mkwe, kijana naye ana damu."

"Nimekuelewa, mkwe."

Alipoondoka, Chausiku alisema kutoka nyuma ya mlango, "Mwache aende, mama. Wanaume hawajaisha."

"Nyamaza!" Bi. Siwema akafoka, kwa sababu aliisikia sauti ya mwanawe ilivyokatika. "Baba yako amekufa na randa mkononi kwa ajili ya harusi hii. Harusi itakuwepo. Nipe khanga yangu."

*

Kwenye lango la Wizara ya Masikitiko mlinzi alimwekea fimbo kifuani. "Sori," akasema, maana yake rudi. Bi. Siwema akasema naye sori, maana yake nipishe, akapita chini ya fimbo. Ndani, katibu muhtasi akamwambia "Sori?" maana yake sema kwa sauti, nina kitana mkononi. Aliposema kwa sauti, akaambiwa sori nyingine, maana yake Waziri hayupo. Lakini Waziri alikuwa akikohoa nyuma ya mlango ule, kwa hiyo Bi. Siwema akakaa sakafuni mpaka kikohozi kilipotoka kwenda kula.

"Mheshimiwa, sikutaka kukusumbua," akasema. "Wala sitaki kitu cha serikali. Njoo uvue viatu, ukae, useme lile neno. Maji ninayo."

Waziri akashtuka kama aliyeguswa na shoti. "Mama! Unataka serikali ivue viatu?"

"Ndiyo, baba. Kwani inalala navyo?"

Watumishi walicheka, kisha wakakumbuka walipo. Waziri akapandisha sauti ya redioni. "Mama, elewa. Mimi kama Mtukuka nina uchungu. Nimelia. Muulize mke wangu. Lakini mimi kama Wizara sina mdomo wa kusema hilo. Wizara ikisema imekosa, nani ameikosesha? Jeshi. Jeshi limeamriwa na nani? Unaona unakotupeleka? Unapanda ngazi, mama, na juu ya ngazi hiyo amekaa nani? Unataka Baba Mlezi aanguke, kwa sababu ya kitanda?"

"Kwa sababu ya mume wangu."

"Na mume, sawa. Tutaunda Tume."

Tume iliundwa ya mabingwa wa lugha, sheria na itifaki. Ilijifungia hotelini kuchunguza kilichomo ndani ya sori. Ilikula mbuzi, ikachunguza; ikala samaki, ikachunguza tena. Mwisho ikatoa majibu: kwamba "nisamehe" imo kweli ndani ya sori ya serikali, kama vile chumvi ilivyomo ndani ya mchuzi, na kwamba raia aliyekwisha kupewa mchuzi hawezi kudai atolewe chumvi yake akabidhiwe mkononi. Taifa likapumua. Bi. Siwema akasomewa majibu hayo barazani kwake, akauliza kama yule bingwa aliyeandika ana mama.

Mavuno yalikuwa yameanza. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alitaka kulikunja lile jamvi mwenyewe, kwa mikono yake, aone nani atamshitaki. Akalishika ncha. Akamkumbuka Ngoda alivyokuwa akipuliza pumba za mbao kutoka kwenye nywele zake kabla ya kula, akaiachia ile ncha, akalia mpaka kamasi.

*

Siku moja ya jua kali akaja askari. Alikuja peke yake, kwa miguu, amevaa sare. Akafika kizingitini, akainama, akaanza kufungua kamba za buti. Wanawake wawili waliokuwa barazani siku ile, Bi. Mashavu na mwenzake, waliacha kufuma. Soksi zake zilikuwa zimetoboka, na vidole gumba vyote viwili vilikuwa nje. Akakaa jamvini.

"Mama, naitwa Koplo Lutego. Mimi ndiye niliyevuta kamba ya mzinga. Kombora nilipolipakia nilijua ni la kweli. Yale matupu ni mepesi. Niliambiwa vuta, nikavuta. Nimekosa. Nisamehe."

Bi. Siwema alimtazama kijana yule na moyo wake ukamchukia, nawaambia kweli. Alitaka awe mtu mzima, mnene, mwenye leso. Huyu alikuwa na shingo nyembamba na jasho puani.

"Nani kakutuma?"

"Mama yangu. Nilimwambia siwezi kulala. Akaniambia, unangoja nini, nenda kwa mwenzangu ukakae jamvini, ameteseka vya kutosha."

"Wakijua watakufanya nini?"

"Sijui, mama. Sijawahi kuona mtu aliyefanya hivi."

Bi. Siwema akainuka. Alikaa jikoni muda mrefu, hata Bi. Mashavu akadhani ametoroka. Aliporudi alikuwa na kata ya maji. Koplo akanywa yote, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono kama mtoto. Na Bi. Mashavu, mtu asiyeweza kuzuia jambo, akapiga kigelegele kilichosikika hadi kwa Mzee Kitwana. Jamvi likakunjwa. Chini yake saruji ilikuwa na rangi nyingine. Siku ya harusi ikapangwa jioni ile ile.

*

Serikali ikashikwa na homa. Maana kama Koplo amekosa, na amepewa maji akanywa, basi kosa lipo; na kosa likiwepo, lina mwenyewe. Koplo Lutego akakamatwa kwa kuomba radhi bila kibali, akiwa amevaa sare ya taifa. Na sheria ikapanuliwa haraka iwabane raia wote, wasije wakaambukizwa: atakayetamka "nimekosa" au "nisamehe" hadharani atajibu mashitaka.

Kesi ilikuwa na shahidi mmoja wa maana. Kabla hajaingia mahakamani, ofisa mmoja mpole akamvuta Bi. Siwema pembeni.

"Mama, jambo ni jepesi," akamwambia. "Ukisema huyu kijana alisema sori, anakwenda kwao leo hii, tunakula wote chakula cha mchana. Ila, kama ni sori, jamvi lako mama linarudi barazani, maana hujaombwa lolote. Ukisema alisema lile lingine, jamvi limekunjwa kihalali, oza binti yako. Yeye ndiye atakuwa na safari yake."

"Safari ya wapi?"

"Sori?" ofisa akasema, akatega sikio kama hakusikia.

Mahakama ilijaa. Mzee Kitwana alikaa benchi la mbele, mkono kidevuni. Chausiku alikuwa karibu na mlango, na tayari vidole vyake vilikuwa na hina, kwa kuwa wanawake wa mtaa hawakuweza kungoja. Nyuma kabisa alikaa mama mmoja mfupi wa bara, kilemba cheupe, mikono mapajani, ambaye hakuna aliyemjua. Kizimbani Koplo alisimama bila mkanda. Alimwangalia Bi. Siwema. Hakumwomba kitu. Alitikisa kichwa kidogo tu, kama mtu anayemwamkia jirani.

"Shahidi," akasema mwendesha mashitaka, "mshitakiwa alitamka nini jamvini kwako?"

Bi. Siwema akatazama hina. Akamtazama Mzee Kitwana. Na jambo la ajabu, wapendwa, ni kwamba hakuhitaji hata kudanganya.

"Alisema nimekosa, nisamehe."

"Una hakika?"

"Nilimpa maji."

Nyuma, yule mama wa kilemba akainamisha kichwa. Hakimu akasema sori, akamfunga Koplo Lutego. Kabla mwezi haujaandama, Gereza Kuu likatangaza kwa sori kubwa kwamba mfungwa huyo ameteleza kwenye ngazi za ghorofani na kufariki. Gereza lenyewe halina ghorofa. Serikali ikaahidi kujenga.

*

Harusi ilifana. Kulikuwa na ngoma, kulikuwa na pilau, kulikuwa na askari wawili mlangoni waliotumwa kulinda lugha, na walipewa sahani kubwa. Kitanda kipya kilinunuliwa dukani. Bi. Siwema alizunguka na khanga yake mpya akicheka kwa sauti, na kila mtu alisema, jamani, mwacheni, ameteseka. Habari ya ngazi alikuwa ameisikia. Aliisikia akiwa anachagua mchele, na akaendelea kuchagua.

Alasiri, wakati wa kumtoa bibi harusi, Bi. Siwema akamshika Chausiku mkono, wakatoka barazani na vigelegele nyuma yao. Katikati ya njia alikuwa amesimama yule mama mfupi wa kilemba cheupe. Viatu hakuwa navyo. Mikononi alishika kata ya maji, imejaa hadi ukingoni.

"Dada," akasema, "mimi ni mama yake Lutego. Kwangu nimetandika. Nilingoja uje, nikasema labda mambo ya harusi yamembana mwenzangu. Basi nimekuja mwenyewe, na maji nimekubebea. Usihangaike na jamvi, sema hapa hapa."

Ngoma ikafifia. Askari wawili wakaacha kutafuna.

Bi. Siwema akatazama ile kata. Alijua neno. Hakuna mtu nchi ile nzima aliyelijua neno lile kama yeye, aliyelifuata hadi sakafu ya Wizara. Mkono wa Chausiku ulikuwa ndani ya mkono wake, wenye jasho. Askari mmoja aliweka sahani chini.

"Sori," Bi. Siwema akasema.

Mama yake Lutego akamwangalia kwa upole. "Sori hiyo ni ipi, dada?"

Mtaa mzima ulingoja. Shomari alikuwa amekwisha kufungua mlango wa gari.

"Ya kupita, mwenzangu," akasema Bi. Siwema. "Wanatungoja."

Yule mama akarudi nyuma hatua moja, ameikumbatia kata kwa mikono miwili, maji yasije yakamwagikia nguo ya bibi harusi.